Kukadiria Mtikisiko wa Ardhi kwa Ukubwa na Umbali wa Tetemeko: Mwongozo Kamili

Mhandisi anayesanifu zahanati Bukoba, Kigoma au Fort Portal ana swali la kujibu kabla hajachora nguzo hata moja: tetemeko la ukubwa fulani likitokea umbali fulani kutoka hapa, ardhi hii itatikisika kiasi gani? Jibu hupatikana kwa mlinganyo unaopokea ukubwa, umbali na aina ya ardhi, kisha ukatoa mchapuko, yaani jinsi kasi ya ardhi inavyobadilika kila sekunde inapotikisika. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuutumia mlinganyo wa namna hiyo, halafu jinsi ya kuutengeneza mwenyewe ukiwa na data. Unahitaji Excel au programu yoyote ya majedwali, hesabu za logi za sekondari, na subira.

Nitangulize msimamo wangu. Mlinganyo wenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kazi huharibika kwa mambo mawili: umbali uliopimwa kutoka mahali pasipostahili, na mtawanyiko, yaani jinsi vipimo halisi vinavyotapakaa kuzunguka namba ya kati, uliotupwa ili ripoti ionekane safi. Ukiyashika hayo mawili, hata mlinganyo wa zamani utakupa jibu la kutumika. Ukiyapuuza, modeli mpya kuliko zote haitakuokoa.

Kinachoudhoofisha mtikisiko njiani

Ardhi inapopasuka kwenye ufa, mawimbi hutoka kwenda pande zote. Kadiri yanavyosonga, nishati ileile hugawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Kwa mawimbi yanayopita ndani ya ardhi, kimo hupungua kwa uwiano wa 1/R, R ikiwa ni umbali: umbali ukizidi mara mbili, mtikisiko hubaki nusu. Mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi hupungua taratibu zaidi, kwa 1/√R, ndiyo maana huko mbali sana hutawala hayo.

Jambo la pili ni kwamba miamba humeza nishati na kuigeuza joto. Upungufu huo huandikwa hivi:

e^(−π f R / (Q β))

Hapa f ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani Hezi. Kasi ya mawimbi ya S, yale yanayotikisa ardhi kwa upande, kwenye mwamba ni β. Q ni kipimo cha jinsi mwamba unavyopitisha mawimbi bila kuyameza. Q kubwa maana yake ni mwamba mgumu, wa kale, uliopoa. Q ndogo ni mwamba wenye joto au uliojaa nyufa.

Weka namba uone. Chukua R = kilomita 100, β = kilomita 3.5 kwa sekunde, Q = 200. Kwa mtikisiko wa Hezi 10, kinachobaki ni asilimia 1.1 tu, hapo hatujahesabu hata kusambaa. Kwa mtikisiko wa Hezi 1, kinabaki asilimia 64. Sasa badilisha Q iwe 600, mtikisiko wa Hezi 10 uleule unabaki asilimia 22, yaani mara 20 ya ule wa kwanza. Katika hali halisi Q hupanda kadiri f inavyopanda, kwa hiyo pengo huwa dogo kuliko hili, lakini mwelekeo haubadiliki.

Mambo mawili yanafuata kutoka hapo. Mtu aliye karibu na ufa husikia mishtuko mikali ya haraka, na aliye mbali huona taa zikining'inia zinayumba. Tetemeko la ukubwa wa 6.8 lililotokea chini ya Ziwa Tanganyika tarehe 5 Desemba 2005 liliyumbisha majengo marefu hadi Nairobi, karibu kilomita 1,000 kutoka chanzo. Mawimbi ya haraka yalikwishakufa njiani, yale ya polepole yakafika. La pili ni kwamba eneo lina tabia yake. Tetemeko la Virginia, Marekani, la tarehe 23 Agosti 2011 lilikuwa na ukubwa wa 5.8 tu, lakini lilisikika kutoka Georgia hadi Kanada kwa sababu upande ule wa bara una miamba ya kale iliyopoa. California tetemeko la kiasi hicho haliendi mbali namna hiyo. Kwetu tunazo hali zote mbili kwenye ramani moja: Bonde la Ufa lenye joto na nyufa, na katikati yake ule mwamba mkongwe wa Shinyanga na Geita. Mlinganyo uliotengenezwa kwa data za California haufai kuhamishiwa Geita bila kufikiri.

Hatua ya 1: Hakikisha ukubwa uko kwenye kipimo kimoja

Orodha za matetemeko huchanganya vipimo vya ukubwa: ML (cha Richter), mb (cha mawimbi ya ndani ya ardhi), Ms (cha mawimbi ya juu ya uso) na Mw (cha momenti). Modeli za leo hutumia Mw, unaotokana na eneo la ufa lililopasuka, umbali ambao pande zake ziliteleza na ugumu wa mwamba:

Mw = (log M₀ − 9.1) / 1.5

M₀ ni momenti ya tetemeko inayotokana na vitu hivyo vitatu, ikiwa kwa nyutoni-mita. Kipimo cha mb hujaa: kikifika 6 na kitu hakipandi tena sawasawa hata tetemeko likiwa kubwa zaidi. Matukio ya zamani yana tatizo lingine. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, ambalo ndilo kubwa kupita yote yaliyopimwa Afrika Mashariki, limeandikwa kama Ms 7.4. Usilichukue ukalichanganya na Mw za sasa bila kulibadilisha, na kila unapobadilisha andika ulitumia uhusiano gani.

Hatua ya 2: Amua umbali unapimwa kutoka wapi

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana kosa la hapa halionekani kwa macho. Kuna umbali wa namna nne, na kila modeli imejengwa kwa mmoja wao tu:

- umbali hadi kitovu, yaani pale juu ya ardhi palipo wima juu ya mahali mpasuko ulipoanzia;
- umbali hadi kiini, yaani hadi mahali penyewe mpasuko ulipoanzia huko chini;
- umbali mfupi kabisa hadi sehemu ya ufa iliyopasuka;
- umbali mfupi kabisa hadi kivuli cha ufa huo juu ya ardhi, unaojulikana kama umbali wa Joyner-Boore.

Kwa tetemeko dogo tofauti huwa ndogo. Kwa kubwa, umbali hadi kitovu hupotosha kabisa. Tetemeko la Uturuki la tarehe 6 Februari 2023, la ukubwa wa 7.8, lilianzia karibu na Pazarcık, lakini ufa ulipasuka kwa zaidi ya kilomita 300. Mji wa Antakya, ulioangamia, ulikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kitovu. Anayeingiza umbali hadi kitovu kwenye mlinganyo atapata mtikisiko wa mji ulio mbali, na kumbe mpasuko ulifika karibu kabisa na mji huo.

Kina nacho kina neno. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lililoua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake, lilikuwa na kiini kwenye kina cha kilomita 40 hivi. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa lina tabia hiyo. Matetemeko hushuka hadi sehemu ya chini ya gamba la dunia, kina ambacho California ni nadra kufikiwa. Chukua nyumba iliyo kilomita 20 kutoka kitovu. Umbali wake hadi kiini ni √(20² + 40²), yaani kilomita 44.7. Ukitumia modeli inayodhani mpasuko uko juu juu, umeisogeza nyumba hiyo karibu na chanzo zaidi ya mara mbili.

Basi kanuni ni hii: soma maelezo ya modeli, tafuta ufafanuzi wa umbali, unakili kwenye karatasi yako ya kazi kabla hujaingiza namba yoyote.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya kwanza

Tutatumia mlinganyo wa wanasayansi wa Marekani Joyner na Boore wa mwaka 1981. Ni wa zamani na haufai tena kwa usanifu rasmi, lakini viungo vyote vya modeli za sasa vimo ndani yake na unaenea kwenye mstari mmoja:

log A = −1.02 + 0.249 M − log r − 0.00255 r

r = √(d² + 7.3²)

A ni kilele cha mchapuko wa ardhi kwa g, ambapo 1 g ni mita 9.81 kwa sekunde ya mraba. M ni ukubwa, na mlinganyo unafaa kati ya 5.0 na 7.7. d ni umbali hadi kivuli cha ufa, kwa kilomita. Logi ni ya kizio cha 10.

Sasa utambue kila kiungo kinafanya nini. Sehemu ya −log r ni ule upungufu wa 1/R. Sehemu ya −0.00255 r ni nishati inayomezwa na miamba. Namba 7.3 huzuia hesabu isilipuke d ikikaribia sifuri, maana hata ukisimama juu ya ufa nguvu haitokei kwenye nukta moja chini ya miguu yako. Na 0.249 inasema kila ukubwa unapoongezeka kwa 1, mchapuko huzidi mara 1.77. Watu hushangaa hapa, kwa sababu nishati huzidi mara 32 hivi. Nishati ya ziada huenda kwenye ufa mrefu zaidi na mtikisiko wa muda mrefu zaidi. Aliye karibu na sehemu moja ya ufa hutikiswa hasa na sehemu hiyo.

Kwenye Excel, weka ukubwa kwenye A2 na umbali kwenye B2. Kwenye C2 andika:

=SQRT(B2^2+7.3^2)

Kwenye D2 andika:

=10^(-1.02+0.249*A2-LOG10(C2)-0.00255*C2)

Jaribu kwa M = 6.5. Ukipata namba hizi, umeandika sawasawa:

| d (km) | r (km) | A (g) |
|---|---|---|
| 0 | 7.3 | 0.52 |
| 10 | 12.4 | 0.30 |
| 20 | 21.3 | 0.16 |
| 50 | 50.5 | 0.058 |
| 100 | 100.3 | 0.022 |
| 200 | 200.1 | 0.006 |

Chora grafu yenye mizani ya logi pande zote mbili. Karibu na ufa mstari unalala, katikati unashuka kwa mwinuko wa 1, mbali unainama zaidi. Ukijifunza kuisoma sura hiyo, utaitambua modeli mbovu hata kabla hujasoma vizigeu vyake, yaani namba zake za kudumu kama 0.249 na 0.00255.

Kwa mfano wa Kagera, d = 20 na M = 5.9 hutoa 0.12 g. Ukiweka kilomita 44.7 mahali pa r unapata 0.048 g. Namba hii ya pili ni ya kuonyesha uzito wa kina tu, kwa sababu vizigeu havikutafutwa kwa matetemeko ya kina kile. Lakini tofauti inazidi mara mbili, na imetokana na kubadilisha umbali peke yake.

Angalia vipimo pia. Vituo vingi, hasa vya Japani, hutoa data kwa gali, na g 1 ni gali 981. Halafu ulize modeli inazungumzia mwelekeo upi wa mtikisiko: Joyner na Boore walichukua kubwa kati ya pande mbili za mlalo, na modeli nyingi za sasa huchukua thamani ya kati ya pande zote. Ukilinganisha viwili hivyo kana kwamba ni kitu kimoja, umeshakosea kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Ingiza udongo

Udongo laini juu ya mwamba hupunguza kasi ya mawimbi, na yakipungua kasi hukua kimo. Kipimo kinachotumika ni wastani wa kasi ya mawimbi ya S kwenye mita 30 za juu, kifupi Vs30. Kwa viwango vya Marekani, mwamba ni mita 760 kwa sekunde kwenda juu. Udongo chini ya 180 ni laini wa kuogopwa.

Wastani huu ni wa muda, si wa kawaida. Tuseme umepima mita 5 zenye kasi ya 150, mita 10 zenye 250, na mita 15 zenye 500. Gawanya kila unene kwa kasi yake: 0.0333, 0.04 na 0.03. Jumla ni sekunde 0.1033, na 30 gawanya kwa 0.1033 ni mita 290 kwa sekunde. Ukichukua wastani wa kawaida utapata 358, na ardhi laini itaonekana ngumu kuliko ilivyo.

Vs30 haisemi yote. Mwaka 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Meksiko, zaidi ya kilomita 350 kutoka Jiji la Meksiko. Kwenye miamba ya chuo kikuu mchapuko ulikuwa kama 0.035 g. Kwenye mfinyanzi wa lililokuwa ziwa, ndani ya jiji hilohilo, ulifika 0.17 g, na majengo mengi ya ghorofa yakaanguka. Tabaka la udongo lina mdundo wake, unaokadiriwa kwa Vs/(4H), H ikiwa unene. Kwa kasi ya mita 80 na unene wa mita 40, mdundo ni Hezi 0.5, yaani sekunde 2 kwa kila yumbo moja, na huko ndiko majengo ya ghorofa kadhaa yalikokuwa yanaelekea yalipoanza kulegea. Yeyote anayejenga kwenye mchanga na tope za ukingoni mwa ziwa, kuanzia Kisumu hadi Bujumbura, aupime unene wa tabaka pamoja na kasi yake.

Hatua ya 5: Usiutupe mtawanyiko

Namba iliyotoka hatua ya 3 ni ya kati: nusu ya vituo vilivyo kwenye hali hiyo hupima zaidi yake, nusu pungufu. Kwa mlinganyo wetu mkengeuko sanifu ni 0.26 kwenye logi, na 10 kwa kipeo cha 0.26 ni 1.82. Kwa hiyo M 6.5 kwa kilomita 20 si 0.16 g tu. Theluthi mbili hivi ya vipimo itaangukia kati ya 0.09 na 0.30 g, na inayobaki itakuwa nje ya hapo.

Mara nyingi nimesoma ripoti zinazotoa namba moja yenye desimali tatu, na mtawanyiko haumo. Msomaji anajenga kwa 0.164 akidhani amejilinda na tetemeko hilo, na kumbe amejilinda na nusu ya uwezekano. Hili linanikera kwa sababu wanaolipa ni watu wanaolala ndani ya jengo.

Mtawanyiko ndio unaokupa uwezekano. Tuseme unataka kujua nafasi ya kuzidi 0.20 g kwa tukio hilohilo. Logi ya 0.20 ni −0.699, na logi ya namba ya kati ni −0.784. Tofauti ni 0.085, gawanya kwa 0.26 upate 0.327. Kwenye Excel:

=1-NORM.S.DIST(0.327,TRUE)

Jibu ni 0.37. Ukidhani tukio hilo hutokea mara 1 kila miaka 500, kiwango cha kuzidi 0.20 g ni 0.37/500, yaani 0.00074 kwa mwaka. Katika miaka 50 uwezekano ni 1 − e^(−0.037), chini kidogo ya asilimia 4. Rudia kwa kila ufa na kila ukubwa, jumlisha viwango, na umepata mkunjo wa hatari wa eneo lako, yaani grafu ya kila kiwango cha mtikisiko na mara ngapi kwa mwaka kinatarajiwa kuzidiwa. Njia hii iliwekwa na Allin Cornell mwaka 1968, na programu ya bure ya OpenQuake, inayotunzwa na taasisi ya GEM iliyoko Pavia, Italia, hufanya hesabu hizo kwa maelfu ya vyanzo. Kwa kulinganisha, viwango vingi vya ujenzi hutumia mtikisiko wenye asilimia 10 ya kuzidiwa ndani ya miaka 50, sawa na mara 1 kila miaka 475.

Hatua ya 6: Tengeneza modeli yako

Ukiwa na rekodi za kutosha unaweza kutafuta vizigeu mwenyewe. Joyner na Boore walikuwa na rekodi 182 kutoka matetemeko 23. Mradi wa NGA-West2, uliokamilika mwaka 2014, ulikusanya zaidi ya 21,000 kutoka matetemeko karibu 600. Kwa mazoezi, rekodi mia moja na kitu zinatosha.

Andaa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila rekodi: namba ya tukio, Mw, umbali, Vs30, A. Kabla ya hapo rekodi ziwe zimesafishwa mtelezo wa mstari wa msingi (chombo kinapohama polepole kutoka sifuri) na kuchujwa kelele. Kisha kagua upungufu mmoja unaojificha. Vyombo vya zamani viliwaka pale tu mtikisiko ulipozidi kiwango fulani, kwa hiyo huko mbali viliandika vituo vilivyotikiswa kuliko kawaida, na vilivyotulia havikuandika kitu. Ukivitumia, mkunjo wako utaonyesha kwamba mtikisiko hauishi njiani. Dawa yake ni kali lakini ya haki: kwa kila tetemeko, tupa rekodi zote kuanzia umbali wa kituo cha kwanza ambacho hakikuwaka.

Umbo letu ni hili:

log A = a + bM − log r − kr, na r = √(d² + h²)

Hatujui a, b, k wala h. Kwa kuwa h imefichwa ndani ya kipeuo, regresheni ya kawaida, yaani hesabu ya kutafuta mstari unaokaribiana zaidi na data, haiifikii. Fanya hivi: chagua h, hesabu r ya kila rekodi, kisha hamisha log r upande wa kushoto:

log A + log r = a + bM − kr

Sasa ni mstari ulionyooka na LINEST, fomula ya Excel ya regresheni, inaumudu. Rudia kwa h kuanzia 2 hadi 15, ukipanda kwa 0.5, na uandike jumla ya miraba ya masalio (tofauti kati ya kilichopimwa na kilichokadiriwa) kila mara. Chukua h yenye jumla ndogo kuliko zote. Tahadhari kwa anayetumia LINEST mara ya kwanza: huorodhesha vizigeu kinyumenyume. Ukiweka safu ya M kisha ya r, kizigeu cha kwanza kutoka ni cha r, kinachofuata ni cha M, na cha mwisho ni a.

Modeli hiyo bado ina kasoro. Matetemeko makubwa husikika mbali, madogo hupimwa karibu tu, kwa hiyo ukubwa na umbali vinapanda pamoja kwenye data na regresheni haijui impe nani sifa. Tena tetemeko moja lenye rekodi nyingi, kama lile la Imperial Valley la tarehe 15 Oktoba 1979, linavuta mstari wote upande wake. Ndiyo maana Joyner na Boore waliigawa kazi mara mbili. Katika awamu ya kwanza, kila tetemeko hupewa safu yake ya 0 na 1, na regresheni hutafuta k pamoja na kiwango cha kila tetemeko, bila M kuingia kabisa. Kwenye LINEST weka FALSE ili isiongeze kiwango kingine. Katika awamu ya pili, chukua viwango hivyo, kimoja kwa kila tetemeko, uvifanyie regresheni dhidi ya M upate a na b. Umbali umefunzwa na vituo, ukubwa umefunzwa na matukio, na hakuna kilichoiba kazi ya mwenzake.

Siku hizi awamu zote mbili hufanyika kwa pamoja. Kwenye R, programu ya takwimu (si ile R ya umbali), kwa kifurushi cha lme4, ni mstari mmoja:

lmer(y ~ M + r + (1 | tukio))

ambapo y ni log A + log r. Matokeo huja na mikengeuko miwili: τ, ya tukio hadi tukio, na φ, ya kituo hadi kituo ndani ya tukio moja. Jumla yake ni σ = √(τ² + φ²); τ ikiwa 0.12 na φ 0.23, σ ni 0.26. Mgawanyo huu una kazi. Tetemeko lililozidi kiasi chake huzidi mji mzima kwa pamoja, kwa hiyo anayekadiria hasara ya shule zote za wilaya hawezi kudhani kila shule ina bahati yake.

Hatua ya 7: Kagua masalio

Toa kilichokadiriwa kwenye kilichopimwa, kwa logi. Chora masalio dhidi ya M, kisha d, kisha Vs30. Wingu lililotanda sawasawa kuzunguka sifuri ni zuri. Likiinama dhidi ya M kwenye matetemeko makubwa, ongeza M². Likipanda karibu na ufa, h yako hairidhishi na pengine inapaswa kukua kadiri ukubwa unavyokua. Likipanda Vs30 inaposhuka, ongeza c·log(Vs30/760). Usiongeze kiungo kwa sababu tu hesabu inapendeza zaidi. Kila kiungo kiwe na sababu yake ndani ya ardhi.

Hatua ya 8: Kuchagua modeli pale ambapo rekodi ni chache

Kwa Afrika Mashariki rekodi za mtikisiko mkali ni haba mno kutengeneza modeli yetu peke yake. Tunaazima. Kwa maeneo ya Bonde la Ufa azima kutoka sehemu zenye nyufa hai. Kwa mwamba wa kale azima kutoka mashariki mwa Amerika Kaskazini. Chukua modeli tatu au nne zilizotofautiana kweli, zipe uzito kwa mti wa mantiki, yaani mchoro ambao kila modeli ni tawi lenye sehemu yake ya imani na jumla ya sehemu zote ni 1, na uchanganye mikunjo ya hatari inayotoka mwishoni, si namba za kati. Modeli isiyo na kiungo cha kina iondoe kwenye orodha ya Kagera na Tanganyika.

Kwenye ripoti andika jina la modeli, umbali uliotumika, mwelekeo wa mtikisiko, kina, Vs30 na ilivyopatikana, na σ. Kila tetemeko likipimwa na kituo kilicho karibu nawe, pakua rekodi yake uweke masalio yake kwenye jedwali. Yakikaa juu ya sifuri tukio baada ya tukio, kwenye vituo vya mwamba, modeli uliyoazima inapunguza mtikisiko wa eneo lako na uzito wake kwenye mti unapaswa kushushwa.